Aliyeua Ndiye Apeleke Habari

Tulimzika Ezekieli Jumamosi iliyopita huko Katumba, na kwa msiba wa mtu aliyepika maisha yake yote, chakula kilikuwa cha aibu. Wali ulikuwa na mawe, maharage yalikuwa magumu, na mimi, ambaye pia nimeishi kwa kupika, nilikaa mkekani na sahani yangu nikitamani marehemu ainuke kidogo tu awafokee wale mabinti wa jikoni, kisha arudi alale. Nililia, bila shaka. Nililia hadi sauti ikakauka. Baada ya maziko mjukuu wake mmoja alileta kopo la maziwa ya unga akamwaga mkekani madadu ambayo sikuwa nimeyaona tangu nikiwa msichana: la pande nne, la pande nane, la pande ishirini, yamechakaa hadi namba zimefifia. Binti wa kaka yangu, Neema, anayesoma chuo Dodoma na aliyekuja kunisindikiza, aliruka. "Shangazi! Haya si ndo tunachezea sisi chuoni?" Akanieleza mchezo wao: mnakaa mezani, kila mtu anajitungia mtu wake wa kubuni, mmoja wenu anasimulia nchi na hatari zake, na madadu yanaamua nani amepona na nani amekufa. Kinachomshangaza, alisema, ni kwamba mchezo una kitabu kinene cha sheria, lakini kila meza anayokaa anakuta wamefuta baadhi na kuongeza za kwao, na wanazitetea kwa ukali kuliko zile za kitabu. "Kwa nini, Shangazi? Si wangecheza tu ilivyoandikwa?" Nilimwambia aniache kwanza nimalize kutafuna mawe. Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kutolewa mbele ya wafiwa.

Nililipata katika mwaka mmoja, ule niliokaa Mpanda mjini nikipika kwenye mgahawa wa mama mdogo Felista, si mbali na stesheni. Ilikuwa miaka ya simu za tochi. Asubuhi chai na maandazi, mchana ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani waliotoka Ikola wamekaushwa hadi wanagonga kama mbao, na siku mpunga ukiwa bei nzuri, wali. Wateja wa mchana wakishaondoka tulikuwa na saa zetu mbili tatu za uvivu katika chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mkaa na ndoo za kuoshea vyombo, ambako palikuwa na meza ya mninga yenye mguu mmoja mfupi. Ezekieli alikuwa mpishi mwenzangu, mtu mzima tayari, mtoto wa wakimbizi wa zamani. Kabla ya kuja kwetu alipikia Wazungu waliokuwa wakihesabu viboko kule hifadhini Katavi, na hao kila jioni baada ya kula walicheza mchezo huo chini ya turubai. Yeye aliusikia akigawa supu na kukusanya sahani. Walipoondoka walimwachia madadu. Kitabu waliondoka nacho. Kwa hiyo alichotuletea ni madadu na alichokisikia kati ya sahani moja na nyingine, na pale asiposikia, tulitunga.

Tulikuwa wanne mezani. Ezekieli alisimulia. Mimi nilikuwa mwizi, kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kupewa. Masunga, kijana wa Kisukuma aliyekuwa fundi wa pikipiki ng'ambo ya barabara, alikuwa mwindaji mwenye mkuki. Deusi, Mpimbwe kwa kabila, mtoto wa wakulima wa mpunga, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa na ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe kwa pumba wiki nzima isipokuwa Jumapili, alikuwa askari. Kwao wote wawili ni Mpimbwe, huko huko, umbali wa bonde moja tu. Sitadanganya kwamba tulicheza kwa upole. Tulichinja. Tulichoma vijiji vya majambazi, tukakata vichwa na kuvitundika kwenye mipingo, tukawasukuma watu visimani tukasikiliza wanavyotua. Ezekieli alikuwa na sauti laini ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea, na kwa sauti hiyo hiyo alikuwa anakueleza utumbo wa mtu unavyotoka. Masunga alikuwa anapiga meza kwa furaha, akimwita mwenzake "mwanangu" kwa Kisukuma: "Mmalize, ng'wanawane! Mmalize!" Mama mdogo alikuwa akipita na kapu lake la nyanya, anafanya ishara ya msalaba, halafu anasimama mlangoni kusikiliza yule mtu kama kafa kweli.

Sheria za nyumba zilianza kwa upuuzi. Dadu likiangukia kwenye mchuzi linarushwa tena, na aliyeliangusha anaosha vyombo. Aliyechelewa, mtu wake anaanza akiwa amelewa. Kisha siku moja Ezekieli akaita kijiji cha majambazi kwa jina la kijiji cha kweli cha Mpimbwe, na Deusi akamrushia kigoda, kikamkosa, kikavunja mtungi wa maji. Tukatunga: majina ya kwetu hayaingii mezani. Baadaye majambazi wakachoma zizi na ng'ombe ndani yake, na Ezekieli, kwa ile sauti yake ya chumvi, akaeleza jinsi wanavyolia. Masunga akainuka akaenda kusimama nje juani. Aliporudi alisema, "Watu chomeni mnavyotaka. Ng'ombe hapana." Tukakubali, ng'ombe hafi. Deusi naye akadai haki yake: mpunga haukanyagwi wala hauungui. Tukakubali hilo pia, tukacheka, tukaendelea. Nimelifikiria sana tangu Jumamosi. Tulikuwa tumetengeneza nchi ambayo ng'ombe hafi na mpunga hauguswi, na wanaokufa ni watu tu, na hakuna kati yetu aliyeona ubaya wowote katika hilo. Nje ya ukuta hali haikuwa tofauti sana.

Kaka yake Masunga aliitwa Shija. Alikuja mjini kila mnada na ng'ombe wa baba yao, jitu refu lenye shuka na kicheko, na alikula sahani mbili bila kupumzika. Hakucheza. Alisimama nyuma ya Deusi akimshauri vibaya makusudi, akimwita shemeji, maana aliwahi kumwona dada yake Deusi gulioni na akaapa mbele yetu sote kwamba angepeleka ng'ombe kwao. "Shemeji, ruka hapo, hamna mtu!" Deusi anaruka, anapigwa mshale. Shija anacheka hadi anashika ukuta. Deusi alimpenda, mtu yeyote aliweza kuona.

Mvua za mwaka ule zilichelewa, na huko Mpimbwe mifugo ikaingia mashambani. Habari zilitufikia kwa vipande, kupitia madereva wa malori wanaokula huku wakizungumza na midomo imejaa: shamba limemalizwa usiku mmoja, ng'ombe wamekatwa mishipa ya miguu, mzee mmoja kavunjwa mkono kwa fimbo. Yule mzee alikuwa baba mkubwa wa Deusi. Mchana huo tulikaa mezani kama kawaida, na nilipaswa kuona kwamba Deusi hakugusa ugali wake. Katika mchezo tulikuwa tukivuka daraja la kamba, na bila sababu yoyote mwindaji wa Masunga akageuka akamchoma mkuki askari wa Deusi. Dadu likamtii. Masunga hakuishia hapo; alieleza mkuki unavyoingia, akaeleza askari anavyotambaa, akaeleza anavyomkanyaga shingo. "Wale ng'ombe waliokatwa miguu walikuwa wetu," alisema. Deusi akachukua mchi wa kinu uliokuwa umeegemea ukutani akampiga nao kichwani. Niliusikia mlio wake, na hadi leo nikitwanga mtama wakati mwingine nausikia. Masunga alianguka juu ya meza, damu ikaingia kwenye bakuli la mlenda, akainuka na kisu cha kukatia nyama mkononi. Nilimng'ata mkono. Naam, nilimng'ata hadi nikaonja chumvi, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika Deusi nywele. Mama mdogo alikuja na sufuria la maji yaliyokuwa yanachemka akasema kwa utulivu kabisa, "Nawamwagia. Nyie wote. Namwagia." Tukaachana.

Nilidhani mchezo umekwisha. Baada ya siku chache wote wawili walikuja, mmoja na bandeji kichwani, wakakaa, wala hawakutazamana. Walikuja kwa sababu hawakuwa na pengine pa kuonana. Ezekieli alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Ninaongeza sheria," alisema. "Toka leo, mtu akiua hapa, mchezo unasimama. Aliyeua ndiye apeleke habari. Anaenda nyumbani kwa aliyemuua, anamkuta mama yake, anamwambia kwa mdomo wake. Hakuna dadu. Hakuna uongo. Mama akiuliza, anajibu." Nikauliza mama huyo ni nani, maana watu wetu hawakuwa na mama. "Aliyekufa ndiye anakuwa mama yake mwenyewe," alisema. Halafu, huku mkono wake ukiendelea kutafuta mawe kwenye ungo, akatuambia kwamba mama yake mzazi alikaa makambini hadi anazeeka akipika chakula cha mtu mmoja wa ziada, kwa kuwa mwanawe mkubwa alibaki ng'ambo ya mpaka walipokimbia na hakuna aliyewahi kuja kusema alikufa wapi, wala nani alimuua, wala kama alizikwa. "Walimuua, sawa. Watu wanauana. Lakini mtu aje aseme. Chakula kilikuwa kinachacha kila siku."

Hapo ndipo nilipopata jibu la Neema, ingawa sikujua kama ni jibu. Kitabu cha sheria kimeandikwa na watu wasiomjua yeyote aliyekaa mezani pako. Hawajui kwamba huyu hawezi kusikia ng'ombe wakilia, na yule alikulia karibu na sahani isiyoliwa. Nyinyi mnajua. Sheria ya nyumba inaanzia pale mmoja wenu alipoumia, na wenzake, badala ya kumwambia pole, wanabadilisha mchezo.

Tukamrudia askari aliyekufa darajani. Masunga alipaswa kubisha hodi kwa mama yake. Deusi alijifunga kanga ya mama mdogo, nikacheka, nikawa peke yangu niliyecheka. Masunga alisema, "Hodi, mama. Mwanao amekufa." Deusi akauliza, "Alikuwa amekula?" Hakuna aliyejua kama askari alikula siku ile; tulikuwa hatujacheza kula. "Sijui, mama." "Wewe ndiye ulimuua, na hujui kama alikuwa na njaa?" Masunga aliweka kichwa chake chenye bandeji juu ya meza. Baada ya hapo tuliendelea miezi mingi na watu walikufa wachache sana. Tuliwafunga majambazi kamba, tuliwahonga, tulibishana nao. Wakati mwingine mtu alishika dadu, akaangalia aliye mbele yake, akasema basi, aende zake.

Wakati wa mavuno simu ya Masunga ilipigwa, akaondoka bila kunawa grisi mikononi. Deusi aliondoka siku hiyo hiyo kwa lori la mpunga. Wote waliitwa kulinda. Tulibaki mimi na Ezekieli na meza, na madereva wakaacha kuzungumza wakila, na hilo lilinitisha kuliko maneno yao. Kisha mchana mmoja Deusi akaingia kwa mlango wa jikoni. Shati lake lilikuwa limekauka likawa gumu. Alikunywa maji kopo baada ya kopo, akasema, "Nimemuua Shija." Walikutana kwenye mpunga, alfajiri, watu na mapanga na mikuki pande zote, na ilikuwa hivyo. Alikuwa amemfunika kwa mabua pembeni ya mfereji akakimbia. Watu wake walimwambia apande treni aende Tabora, asirudi. "Ila hakuna anayejua alipo," alisema. "Wanamtafuta. Fisi watamfikia wao hawajamfikia. Lazima niende kwa mama yake."

Ezekieli alipiga magoti. Sijawahi kuona mtu mzima akimwomba kijana namna ile, amemshika miguu, mikono imejaa unga. "Mwanangu, ule ulikuwa mchezo! Tulikuwa tunacheza! Watakukatakata!" Deusi akamtazama kama mtu anayetaka kuelewa. "Mama yako alisubiri miaka mingapi, Eze?" Ezekieli alimwachia miguu. Mimi nilijaza ungo unga, nikaufunga kwa kanga, nikasema naenda naye, maana mwanaume anayekuja msibani na mwanamke aliyebeba unga kichwani angalau ataulizwa jina kabla ya kupigwa. Mama mdogo alinitukana matusi yote anayoyajua. Halafu akanipa nauli.

Bomani kwao Masunga wanaume walikuwa wamekaa na mikuki mapajani. Masunga alituona wa kwanza. Alitazama unga, akamtazama Deusi, na nikaona uso wake ukielewa jambo moja tu, kwa nini mtu huyu angekuja. Akawazuia wajomba zake kwa mkono. "Mwacheni aseme." Mama yao alitolewa nje akaketi kwenye kigoda. Hakujua Kiswahili, ila maneno mawili matatu ya mnadani. Deusi akapiga magoti, akaanza, na ikawa lazima mtu amtafsirie, na Masunga ndiye aliyesimama pale. Kwa hiyo Masunga alisikia kila sentensi kwa Kiswahili, kisha akaisema yeye mwenyewe kwa Kisukuma, kwa mama yake. Shija amekufa. Yuko kwenye mfereji, upande wa juu, chini ya mabua. Ni mimi. Ni kwa panga. Shingoni. Mama hakulia. Aliuliza kitu kifupi. Masunga akageuka: "Anauliza alisema nini."

Angeweza kusema hakusema kitu. Nilimwomba moyoni aseme hivyo. Deusi akasema, "Aliweka fimbo chini. Alisema, 'Shemeji, ni mimi.' Nikampiga."

Ng'ombe walikuwa wakipumua zizini, nikafikiri Masunga hatalitafsiri hilo, na kwamba asipolitafsiri labda wote tutapona. Akalitafsiri. Mama akajifunika shuka usoni. Wanaume wakainuka, na sheria yetu ilikuwa imeishia hapo. Katika mchezo, habari ikishafika, tuliendelea na safari, hatukuwahi kutunga kinachofuata. Masunga akamnyang'anya mjomba wake panga. "Mkono upi?" aliuliza. Deusi akanyoosha wa kulia akauweka juu ya gogo la kukatia kuni, mwenyewe, bila kushikwa. Pigo la kwanza halikumaliza. La pili lilimaliza. Deusi alipiga ukelele wa mnyama, damu ikaruka hadi kwenye unga wangu, na Masunga akageuza panga upande wa ndugu zake waliokuwa wanakuja na mikuki. "Basi!" alifoka. "Habari imefika! Nendeni mkamchukue Shija!" Yule mama, bila kujifunua, akasema neno moja. Wakashusha mikuki. Wakaenda mferejini. Waliukuta mwili wake mzima, fisi hawajaugusa, wakamzika kwao na shuka lake. Wengine waliokufa kwenye mpunga ule, wa pande zote, mama zao hawakuambiwa na mtu. Waliona ndege wakizunguka juu.

Deusi alifungwa, akatoka, akaoa. Yuko hai, na Masunga yuko hai, na hawajawahi kukaa meza moja tena. Msibani hawakuja, na sikuwalaumu. Lakini kabla ya jela palikuwa na ile safari ya pikipiki hadi kituo cha afya, watatu tumebanana kama mshikaki, Masunga akiendesha, Deusi katikati na mkono umefungwa kwa kipande cha shuka, mimi nyuma nimewakumbatia wote wawili ili asianguke. Damu yake ilikuwa ya moto mapajani mwangu. Barabara ilipita porini ambapo hapakuwa na nyumba, na Masunga akapunguza mwendo kwa ajili ya mashimo. Deusi akadhani saa yake ndiyo imefika.

"Unanimalizia hapa?" aliuliza.

Masunga hakugeuka. "Nikikumaliza, lazima nikasimame mbele ya mama yako," alisema. "Siwezi, Deusi. Nimemwona wangu."